Nani Mkubwa, Mungu au Wyrd?

Usiku mmoja, katika ukumbi wa Hrothgar, mfalme wa Wadenmaki, mgeni kijana anasimama kuomba ruhusa ya kupigana peke yake na zimwi lililomaliza watu wa nyumba ile. Anaitwa Beowulf. Hotuba yake inaanza kwa majigambo, kama ilivyo ada ya mashujaa, lakini inaishia kama wasia. Nikishindwa, asema, msihangaike na mazishi yangu, maana zimwi litakuwa limekwisha kunila. Ombi lake ni moja tu: deraya yake irudishwe nyumbani kwa mjomba wake, mfalme Hygelac. Ni urithi wa babu, tena ni kazi ya mikono ya Weland, mhunzi mkuu wa hadithi za kale za kaskazini. Akishasema hayo anafunga kauli kwa kutaja kitu kiitwacho wyrd, kwamba kina mwendo wake na hakuna wa kukielekeza.

Neno hilo limewasumbua wasomi kwa zaidi ya miaka mia mbili. Linalokera zaidi ni kwamba mistari kama 15 tu kabla ya hapo, katika hotuba ileile, Beowulf amesema kuwa atakayechukuliwa na kifo hana budi kuikubali hukumu ya Bwana. Basi nani anayeamua? Kama ni Bwana, wyrd inafanya nini mwishoni mwa hotuba? Na kama ni wyrd, Bwana alitajwa kwa adabu tu, kama mgeni rasmi anayetajwa kabla ya shughuli kuanza?

Utenzi huo una mistari zaidi ya 3,100, na umetufikia katika nakala moja tu ya mkono iliyoandikwa karibu na mwaka 1000. Nakala hiyo nusura iteketee mwaka 1731, moto ulipozuka katika nyumba ya Ashburnham, London, ilikohifadhiwa. Kingo za kurasa zake bado ni nyeusi. Waliouandika walikuwa Wakristo. Watu wanaosimuliwa ndani yake ni wapagani wa Skandinavia, waliotangulia kwa karne kadhaa. Wyrd imekaa katikati ya hao wawili, na kila msomaji huivutia upande wake.

Afadhali kuanza na sarufi, kwa sababu sarufi haina mapenzi na mtu. Wyrd ni nomino iliyotokana na kitenzi weorthan, ambacho kwa Mwingereza wa karne ya 9 kilikuwa kitenzi cha kila siku: kuwa, kutokea, kugeuka kutoka hali hii kuwa hali ile. Mjerumani anacho hadi leo, anasema werden. Mholanzi anasema worden. Wanaisimu wanaurudisha mzizi wake nyuma zaidi, hadi kwenye maana ya kugeuka au kuzunguka, na huko unakutana na kitenzi cha Kilatini vertere. Kwa asili yake, basi, wyrd ni kile kilichokuwa: jambo lililogeuka likawa, na sasa halitanguki. Katika nathari ya Kiingereza cha Kale neno hili mara nyingi halina uzito wowote wa kutisha. Mwandishi anataka kusema tukio, anaandika wyrd, anaendelea na habari zake.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ilibadilika sana, na katika karne zilizofuata weorthan ilififia mpaka ikatoweka. Nomino yake ikabaki yatima. Hapakuwa na kitenzi tena cha kumkumbusha msemaji ilikotoka, na kila mlezi akaipa tabia aliyoitaka.

Mlezi mashuhuri kuliko wote alikuwa William Shakespeare. Kufikia wakati wake neno lilikuwa limesogea kaskazini, likiishi zaidi Scotland. Mwanzoni mwa karne ya 15 mwanahistoria wa Scotland, Andrew wa Wyntoun, alisimulia jinsi Macbeth alivyowaota wanawake watatu akawadhania kuwa ndio madada wa majaliwa. Mwaka 1513 Gavin Douglas, akimtafsiri Virgil kwa Kiskoti, alitumia jina hilohilo kwa miungu wa kike watatu wa Kirumi wanaokata uzi wa maisha ya mtu. Kisa cha Macbeth kikaingia katika kitabu kikubwa cha historia cha Holinshed kilichochapwa mwaka 1577, na humo Shakespeare akakichota, akaandika tamthilia yake karibu na mwaka 1606. Wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1968, Samuel Mushi alipoitafsiri kwa jina la Makbeth.

Katika chapa ya kwanza ya tamthilia hiyo, ya mwaka 1623, jina la wale madada limeandikwa ovyo, mara weyward, mara weyard. Inaelekea mpanga chapa wa London hakulijua neno hilo kabisa. Ilibidi Lewis Theobald, mhariri wa karne ya 18, airudishe tahajia ya weird katika chapa yake ya mwaka 1733. Hadhira nayo iliwatazama wanawake watatu wenye ndevu wakikoroga chungu, ikaamua kwamba weird maana yake ni kitu cha ajabu cha kuogofya. Washairi wa mwanzoni mwa karne ya 19, Shelley miongoni mwao, waliipokea maana hiyo wakaitia mbaramwezi na magofu. Tangu hapo neno limekuwa likishuka bei. Leo kijana wa London, Toronto au Nairobi analitumia kwa mtu aliyevaa soksi zisizolingana.

Kuna jambo katika Macbeth ambalo hupitwa haraka. Wanawake wale hawamwambii Macbeth aue. Wanamwambia atakuwa mfalme. Rafiki yake Banquo yuko hapohapo, anasikia sauti zilezile, na yeye anaahidiwa kwamba wanawe watatawala; hachukui kisu. Utabiri mmoja, watu wawili, nyendo mbili. Shakespeare huenda hakujua lolote kuhusu Kiingereza cha Kale, lakini swali alilolikuta ndani ya neno lile ndilo lilelile lililowashughulisha watawa miaka mia sita kabla yake.

Karne ya 19 ndiyo iliyotuzibia njia ya kurudi kwa watawa hao. Mwaka 1835 Jacob Grimm, yule wa ngano za watoto, alichapisha kitabu kikubwa juu ya dini za kale za watu wa Kigermaniki. Huko Iceland, katika maandishi ya karne ya 13, aliwakuta wasichana watatu wanaokaa kando ya kisima chini ya mti mkubwa wa ulimwengu na kuwapangia watu maisha yao. Mmoja wao anaitwa Urd, na jina lake kiisimu ni neno lilelile wyrd. Hesabu ikaonekana rahisi: kama Waiceland walikuwa na mungu wa kike wa jina hilo, Waingereza nao walikuwa naye, na kila anapotajwa katika mashairi yao ni mpagani anayechungulia kupitia ufa wa ukuta wa kanisa. Vizazi vya wasomi vilisoma mashairi hayo kwa mtindo wa mtu anayekwangua rangi. Wakikutana na Mungu, walisema amebandikwa na mtawa. Wakikutana na wyrd, walisema hapa ndipo palipo pa kweli.

Uthibitisho uko wapi? Umo hapa na pale, na ni mwembamba. Kamusi ndogo ya Kilatini ijulikanayo kwa jina la mji wa Épinal, Ufaransa, inakohifadhiwa, ni ya karibu na mwaka 700, na inawafasiri wale miungu watatu wa Kirumi kwa wingi wa neno wyrd. Katika mkusanyo wa mashairi wa Exeter kuna msemaji anayelalamika kwamba aliyonayo alifumiwa na wyrd. Inawezekana kwamba nyuma ya lugha hiyo kuna wanawake wenye uzi na mfumo. Inawezekana pia kwamba mwalimu wa Kilatini alihitaji neno la karibu ili darasa liendelee, na mshairi alihitaji kitenzi kizuri. Mwaka 1964 na 1965 E. G. Stanley alichapisha mfululizo wa makala akionyesha, kwa kuwanukuu wasomi wenyewe mmoja baada ya mwingine, kwamba upagani waliougundua ni ule walioutamani kabla ya kufungua vitabu. Ni usomaji wa kuchekesha na wa kuaibisha kwa pamoja. Hata hivyo haukuzima moto. Mwaka 1983 Brian Bates alitoa riwaya kuhusu mganga wa Kisaksoni na njia ya wyrd, na leo kuna vikundi vya wapagani wapya Ulaya na Marekani vinavyochora nembo ya mistari tisa iitwayo wavu wa wyrd, nembo isiyopatikana katika hati yoyote ya zama za Wasaksoni.

Ukimsoma Beowulf bila kukwangua rangi, unakuta kitu kigumu zaidi kuliko upagani uliofunikwa. Muda mfupi baada ya hotuba ya deraya, mtu mmoja wa nyumba ya Hrothgar, Unferth, anamchokoza mgeni: si wewe uliyeshindwa na Breca katika mashindano ya kuogelea baharini? Beowulf anajibu kwa kirefu jinsi alivyopigana na wanyama wa baharini usiku kucha, na katikati ya simulizi anatoa rai yake: wyrd mara nyingi humwokoa mtu ambaye siku yake haijafika, ikiwa ushujaa wake haujamwishia. Yafaa kuipima rai hiyo sharti kwa sharti. Siku ikiwa imefika, ushujaa hauokoi. Isipofika, bado haitoshi. Mwoga anaweza kufa kabla ya siku yake. Na hata hayo mawili yakikutana, ni mara nyingi tu, haikusemwa daima. Aliyezoea kusikia kwamba watu wa kale walikunja mikono na kuiachia bahati atashangaa kuona jinsi nafasi ya mtu kufanya kitu ilivyolindwa.

Baadaye, zimwi lile, Grendel, likiwa limeshapata jeraha la kuliua, msimulizi mwenyewe anatoa hukumu. Zimwi, anasema kwa maneno yake, lingeua wengine zaidi, kama Mungu mwenye hekima na moyo wa yule mtu havingeizuia wyrd. Sentensi hiyo haipati umaarufu wa ile ya deraya, na sababu yake si ngumu kuiona: inaharibu hadithi nzuri. Hapa wyrd ni vifo ambavyo vingetokea, mambo yalivyokuwa yakielekea. Mungu anaweza kuyageuza, na mtu mwenye moyo mkuu anatajwa bega kwa bega naye. Mwanateolojia mkali angeona msimulizi amempandisha mtu cheo kupita kiasi. Lakini hakuna mungu wa kike hapa, wala hakuna aliyekunja mikono.

Si mashairi yote yanayopumua hewa hiyo. Kuna utungo wa methali, mfupi na mkavu, unaoorodhesha vitu na sifa zake kuu, na humo wyrd inatajwa kuwa yenye nguvu kupita zote, pembeni kabisa ya kutajwa utukufu wa Kristo, halafu orodha inahamia kwenye baridi ya kipupwe kana kwamba hakuna kilichosemwa. Na katika mkusanyo wa Exeter kuna shairi la mtu aliyefiwa na bwana wake, anayepiga makasia peke yake katika bahari ya barafu. Mwanzoni tunaambiwa kwamba wyrd haibadiliki. Mwishoni kwamba heri ni ya anayetafuta rehema kwa Baba wa mbinguni, ambako ndiko kuna uthabiti pekee. Shairi linakwenda kutoka uthabiti mmoja hadi mwingine, na aliyelitunga alijua hivyo. Kitabu chenyewe kiliachwa kwa kanisa kuu la Exeter na askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, na kipo hukohuko hadi sasa. Ukurasa wake wa mbele una alama za visu na duara lililoachwa na chombo, maana karne kadhaa kilikosa wasomaji kikatumika kama ubao.

Washairi waliweza kuliacha neno lielee. Mhubiri hana anasa hiyo.

Katika miaka ya 990 mtawa Ælfric, aliyekuja kuwa abate wa Eynsham, aliandika mahubiri kwa Kiingereza ili mapadri wasiojua Kilatini vizuri wapate cha kuwasomea watu. Sikukuu ya Tokeo la Bwana ilimletea tatizo. Injili inasema Mamajusi waliiona nyota, wakajua mfalme amezaliwa. Si hivyo ndivyo wanajimu wanavyodai, kwamba mtu huzaliwa chini ya nyota yake na nyota ndiyo inayomwongoza? Ælfric anamfuata Papa Gregori Mkuu katika jibu: nyota ilimkimbilia mtoto, mtoto hakuikimbilia nyota. Halafu anawaleta Esau na Yakobo, mapacha waliozaliwa saa moja, mmoja akimshika mwenzake kisigino, na bado maisha yao yakaachana kabisa. Kama nyota ya kuzaliwa ndiyo wyrd ya mtu, mapacha wangekuwa na maisha ya aina moja. Hitimisho lake halina huruma: hiyo inayoitwa wyrd ni dhana potofu tu, haipo. Neno lenyewe linafukuzwa kanisani.

Mabishano kama hayo yalikuwa yameshatokea mbali na Uingereza, miongoni mwa Waislamu. Basra, Iraki, katika karne ya 8, Qadariyya walitetea kwamba mtu ana hiari katika matendo yake, na Jabriyya wakashikilia kwamba anaendeshwa tu, kama jani kwenye upepo. Msomaji wa pwani aliyefundishwa chuoni kuiamini kadari, heri yake na shari yake, anajua kwamba kuiamini ni jambo moja, na kueleza inavyokaa pamoja na hesabu ya siku ya mwisho ni jambo lingine.

Karne moja kabla ya Ælfric, hata hivyo, mtu mwingine alilitazama neno hilo kwa jicho la upole zaidi, akaliandalia kazi. Hapa ndipo habari ya wyrd inapokuwa falsafa.

Kitabu alichokuwa nacho mezani kilikuwa kimeandikwa gerezani. Boethius, Mrumi wa ukoo mkubwa na waziri wa Theodoric, mfalme wa Wagothi aliyetawala Italia, alishtakiwa kwa uhaini na kuuawa takriban mwaka 524. Akingojea kifo aliandika mazungumzo kati yake na Falsafa, anayemjia kama mwanamke wa heshima na kumuuliza analilia nini. Mtu aliyekuwa na kila kitu na sasa hana kitu anataka kujua kama ulimwengu unaongozwa na yeyote. Kitabu hicho, chenye sehemu tano za nathari na mashairi kwa zamu, hakimtaji Kristo hata mara moja. Ulaya ya Kikristo ilikisoma kwa miaka elfu moja.

Tafsiri ya Kiingereza cha Kale kwa desturi huhesabiwa kuwa ya mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala kuanzia mwaka 871 hadi 899. Malcolm Godden, mmoja wa wahariri wa tafsiri hiyo, alihoji mwaka 2007 kama Alfred aliandika chochote kwa mkono wake, na hoja zake si za kupuuzwa. Awe ni mfalme au karani wa mfalme, mtafsiri huyu alikuwa wa dunia ya Alfred, na Alfred alijua kupoteza. Mwanzoni mwa mwaka 878 Wadenmaki walimshtukiza huko Chippenham, akakimbilia vinamasi vya Athelney na watu wachache. Miezi michache baadaye akawashinda huko Edington, na kiongozi wao Guthrum akabatizwa, Alfred akiwa baba yake wa ubatizo. Watu waliopitia hayo hawakuhitaji kufundishwa kwamba mambo hugeuka.

Mtafsiri huyu ni jasiri. Boethius aliyemo kitabuni anaitwa Moyo, au Akili. Mwanamke Falsafa anaitwa Hekima. Boethius anapouliza iko wapi mifupa ya Fabricius, shujaa wa Roma, mtafsiri anaona jina halitawaambia kitu watu wa Wessex, na kwa kuwa jina hilo linasikika kama neno la Kilatini la mhunzi, anauliza iko wapi mifupa ya Weland. Mhunzi yuleyule wa deraya ya Beowulf, ndani ya kitabu cha falsafa ya Kirumi.

Mtu aliye tayari kufanya hivyo angeweza kumleta mungu wa kike Wyrd kama angekuwa anamfahamu. Nafasi ilikuwepo. Sehemu ya pili ya kitabu cha Boethius imejaa Fortuna, mungu wa bahati mwenye gurudumu, anayejitetea kwa kinywa cha Falsafa. Mtafsiri mara nyingi anamvua uungu. Mahali pake anaweka heri za dunia hii, yaani mali, cheo, sifa, vitu visivyo na uso. Ukimya huo unasema zaidi ya kurasa nyingi za Grimm.

Wyrd yenyewe ameiweka kwa sehemu ya nne, ambako Boethius anatofautisha maongozi ya Mungu na majaliwa. Hapo mtafsiri anasema jambo ambalo huenda linaonyesha kwamba bado aliisikia weorthan ndani ya nomino. Jambo likiwa bado katika nia ya Mungu, halijafanyika, tunaliita kusudio lake. Likishatimizwa, tunaliita wyrd. Kwa hiyo wyrd ni kazi ya Mungu ya kila siku, ikitazamwa kutoka upande wa huku chini, baada ya kutokea. Anataja wenye hekima waliosema kwamba wyrd ndiyo inayotawala raha na taabu ya kila mtu, kisha anawakana kwa jina la Wakristo wote. Neno halikufukuzwa. Limepewa mwajiri.

Ili kueleza, anachukua mfano wa Boethius wa miduara inayozunguka kitovu kimoja, na anaufanya mkokoteni. Ekseli ni Mungu: imetulia, na imebeba uzito wote. Gurudumu linazunguka. Watu wema kabisa wako kwenye kitovu cha gurudumu, wanaigusa ekseli na hawatikiswi sana. Walio wengi ni spoku, mwisho mmoja umechomekwa kitovuni na mwingine kwenye rimu, jicho moja likitazama juu na lingine likitazama ardhi. Walio mbali zaidi ni rimu yenyewe, inayopigwa na kila jiwe la njia. Hata rimu imeshikwa na spoku, na spoku na kitovu, na kitovu na ekseli, kwa hiyo hata mtu mbaya kabisa anasafiri na mkokoteni uleule. Yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni wenye mzigo kwenye barabara ya mashimo ataona kwamba mfano huu unashinda ule wa Boethius, ambaye aliwaza kama mtaalamu wa jiometri.

Sehemu ya tano ndiyo ngumu. Ikiwa Mungu anajua kila litakalokuwa, na hakosei, basi litakalokuwa halina budi kuwa, na mtu hachagui kitu. Malipo na adhabu vinakuwa mchezo. Boethius anajibu kwamba Mungu hajui mbele, kwa maana kwake hakuna mbele. Anaona nyakati zote kwa pamoja, kama wewe unavyoweza kuona kwa mtupo mmoja wa macho mtu anatembea na jua linachomoza. Jua halina hiari, mtu anayo. Kutazama kwako hakukumlazimisha mmoja wao. Ni hoja nzuri, na wanafalsafa bado wanaipima. Inaacha tundu moja: anayetazama tu hajaumba anachokitazama, na Mungu wa Boethius ndiye aliyeumba.

Mtafsiri aliikata sehemu hiyo vibaya. Wengine wanasema ilimshinda. Lakini mahali pake aliingiza hoja isiyokuwemo katika Kilatini. Moyo unauliza kwa nini Mungu aliwapa watu uhuru ambao wangeutumia vibaya. Hekima anamuuliza: ungeonaje kama kungekuwa na mfalme mwenye nguvu sana, asiye na mtu hata mmoja aliye huru katika ufalme wake wote, wote watumwa? Moyo unajibu kwamba hilo lisingekuwa haki wala lisingependeza. Basi, anasema Hekima, lingekuwa baya zaidi kwa Mungu kutokuwa na kiumbe huru hata mmoja katika milki yake. Ndiyo maana aliumba aina mbili za viumbe wenye akili na hiari, malaika na wanadamu.

Boethius hakuwahi kuuliza hivyo. Hoja haielezi jinsi hiari inavyokaa na elimu ya Mungu, na mwanafunzi wa mantiki angeipa alama chache. Inaeleza kwa nini Mungu angetaka hiari iwepo hata kama itamgharimu, na inafanya hivyo kwa kumweka msikilizaji katika kiti cha mfalme. Tena inasemwa katika nchi ambamo watumwa walinunuliwa, waliuzwa na kurithishwa. Miaka mia mbili baadaye, sensa kubwa ya mali ya mwaka 1086 bado iliwahesabu zaidi ya 28,000. Kitabu hakiulizi inakuwaje kwa yule anayewasha moto jikoni mwa mfalme huyo.

Wasia wa Alfred umesalia. Unasema kwamba baraza la Wessex lilimthibitishia haki ya kuwaacha watu fulani waliokuwa chini yake wakiwa huru au watumwa, vyovyote apendavyo, na kwamba yeye, kwa ajili ya Mungu na haja ya nafsi yake, anataka wapewe uhuru na hiari yao, na ndugu zake wasiwasumbue. Kwa watu wa Damerham anaongeza sharti mahususi: wapewe hati zao za ardhi, na wachague wenyewe bwana wanayemtaka.